Nukta ya Kijani

Saluni ile haikuwahi kukosa watu. Mwenyewe alikuwa msusi wa makamo, mwepesi wa vidole, mdomo hauna breki, na mtaa mzima ulimwita Redio. Jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa akisema siku akinyamaza watu wataanza kuulizana msiba uko kwa nani. Wengine walikuja kusuka, wengine walikuja kukaa tu kwenye benchi la ukutani na kumenya machungwa, wasikie nani kaachika, nani kahama bila kuaga, nani kanunua makochi mapya ilhali mlango wa choo chake hauna komeo.

Kwenye kona, chini ya kioo, palikuwa na ndoo ya rangi ya lita ishirini, imeoshwa na mfuniko wake umetobolewa. Humo watu walitumbukiza simu zao za zamani: yenye kioo kilichopasuka, yenye betri iliyochoka, nzima iliyopitwa na wakati. Kila jioni Fundi, mtengeneza simu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, alivuka akaimwaga ndoo kwenye mfuko wake. Zilizotengenezeka alizitengeneza, akafuta kila kilichokuwemo, picha, namba, akaunti, mpaka simu ikawa haimjui mtu. Ikishakuwa safi aliitia nukta ya rangi ya kucha mgongoni, rangi ya kijani, akairudisha kwenye droo ya Redio. Kijani ilichaguliwa kwa sababu chupa yake ilikaa miaka bila mteja. Kucha, mwanamke aliyepaka watu kucha kwenye meza ndogo ya pale mlangoni, alisema hakuna mwenye akili zake atakayetaka vidole vya rangi ya mchicha.

Kila Alhamisi alikuja Dada Mkubwa. Huyu alikuwa msimamizi wa nyumba wanakofichwa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Wengi walifika huko mikono mitupu, simu zao zimevunjwa au zimebaki mkononi mwa mume, hawana hata ya kumpigia mama mzazi. Dada Mkubwa alichukua simu zenye nukta, akashukuru, akaondoka. Nyumba yenyewe iko wapi, Redio hakujua. Namba ya Dada Mkubwa hakuwa nayo pia. Siku alipoiomba, mwenzake alimshika bega akamwambia kwa upole kwamba mdomo wake anaupenda, ila si kwa namba hiyo. Saluni nzima ilicheka, na Redio akacheka kuliko wote.

Lakini ndoo aliitangaza. Kila aliyekaa kitini aliambiwa simu yake mbovu itakwenda kwenye nyumba ya siri kumsaidia mwanamke mwenzake, na kwamba mzigo huondoka Alhamisi. Ndivyo ndoo ilivyojaa, na Redio alijivunia.

Jambo moja tu hakulitangaza. Wiki tatu nyuma alikuja Mwalimu, yule wa chekechea, mke wa muuza vipuri vya magari. Alitaka kusukwa. Redio alipomvua kilemba na kugawa nywele, nyuma ya sikio la kushoto alikuta upara wa ukubwa wa kifuniko cha soda, ngozi mbichi, ina vitone vyekundu. Msusi wa miaka ishirini hahitaji kuelezwa. Nywele zikipukutika kwa ugonjwa huacha ngozi laini. Hizi zilikuwa zimeng'olewa.  Redio alizisuka za juu zikafunika upara, na wakati wa kumfuta shingo akamnong'oneza kuhusu Alhamisi. Mwalimu na bintiye mdogo waliondoka na Dada Mkubwa kupitia mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo, watu walipojadili mke wa muuza vipuri kapotelea wapi, Redio aliuliza kama wao na akashangaa kama wao.

Basi Jumamosi moja, saa nne asubuhi, saluni ilikuwa imejaa kama kawaida. Kitini alikaa Mshonaji, mteja wa siku nyingi, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alikuwa na harusi ya binamu yake jioni, na nusu ya kichwa chake ilishasukwa. Mshonaji alikuwa dada wa muuza vipuri, yaani wifi yake Mwalimu.

"Leo kaka yangu kaamka na raha zake," alisema, akijitazama kwenye kioo. "Mke kapatikana."

Benchi zima liligeuka. Mmoja alimshukuru Mungu. Mwingine alisema maskini yule baba, alikuwa amebaki mifupa. Redio aliendelea kusuka.

Mshonaji alisimulia bila haraka, kama mtu aliyeleta habari njema na anataka ikae mdomoni. Alhamisi kaka yake alimpa simu yake ya zamani, nzima, haina hata mkwaruzo, akamwambia akaitie kwenye ndoo ya Redio asubuhi hiyo hiyo, asichelewe, maana amesikia mzigo huondoka siku hiyo. Yeye aliona kaka kaingiwa na huruma. Kumbe mwenzake ana hesabu zake. Simu ile ilikuwa bado na akaunti yake, na popote itakapowashwa itamwonyesha kwenye ramani. Asubuhi hii imewashwa. Mke yuko hapo, au waliomficha wako hapo, yote sawa. Saa sita anakwenda kumchukua. Angekuwa ameshakwenda, ila gari lake liko gereji, muuza vipuri mzima, anasubiri la rafiki.

Watu walicheka kwa hilo la gereji. Redio hakucheka. Kichwani alikuwa akijiambia haiwezekani. Simu za ndoo zote hupita kwa Fundi, na Fundi hajawahi kukosea. Haiwezekani.

Mshonaji aliinua mkono kujikuna paji la uso, na Redio akaziona kucha zake kwenye kioo. Kumi, ndefu, zinang'aa, kijani.

"Shoga," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Hiyo simu uliitia kwenye ndoo kwa mkono wako?"

"Nilisahau. Niliiacha hapo kwa Kucha. Si nilikuwa napaka? Akajaribia rangi mgongoni mwa ile simu kwanza, tuone kama inaendana na gauni."

Kucha, pale mlangoni, aliinua uso. Alichukua sekunde moja tu kuelewa, kisha brashi ikamponyoka.

Redio alikumbuka vizuri mno. Alhamisi ile Dada Mkubwa alikuwa na haraka, wameingia wageni wapya, na simu zilipungua moja. Redio aliona simu kwenye meza ya Kucha, imelala kifudifudi, nukta ya kijani inang'aa. Akadhani imetoka kwenye droo. Aliidumbukiza mwenyewe kwenye mfuko wa Dada Mkubwa, akasema chukua na nyongeza. Nyongeza. 

 Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Ampigie nani? Namba ya Dada Mkubwa hana. Laini za wale wanawake ni mpya, namba zake hakuna azijuaye. Nyumba haijui. Polisi? Mwalimu aliwahi kwenda huko na jicho limevimba, wakamwambia akayamalize nyumbani, na aliyemwambia hivyo hununua taa za gari lake dukani kwa mumewe. Kila ukuta uliojengwa kumzuia yule mwanamume ulikuwa unamzuia na yeye. Na mwanamume mwenyewe ameshapata njia ya kupita, na aliyemwelekeza ni nani kama si Redio, kwa miezi na miezi, kwa kila aliyekaa kitini.

Alimwambia Kucha awashe kikausha nywele kile kikubwa. Hakikuwa na kichwa ndani, lakini kiliunguruma kikafunika soga za benchi. Redio aliinama mpaka mdomo ukagusa sikio la Mshonaji.

Alimwambia kila kitu. Upara, ukubwa wake, vitone vyekundu. Jinsi Mwalimu alivyokuwa akishtuka kila kitana kilipomgusa. Mtoto alivyokaa kimya kwenye kigoda muda wote, akiwa ameshika viatu vyake mkononi, kama mtu aliyezoea kuondoka ghafla. Mshonaji alikaza macho kwenye kioo. Alisema kaka yake ana hasira, ndiyo, lakini wifi yake naye ana maneno. Alisema mambo ya mke na mume yana wenyewe. Aliyasema kama mtu anayesoma karatasi aliyoandikiwa zamani.

Redio alipeleka kidole juu ya utosi wa Mshonaji, upande ambao haujasukwa. Palikuwa na kovu pale, refu kama njiti ya kiberiti, nywele hazioti. Miaka kumi alikuwa akilizunguka na kitana.

"Hili uliniambia ulianguka kisimani."

"Nilianguka."

"Miaka yote hii sijakuuliza, na mimi unanijua, naulizaga kila kitu. Leo nakuuliza. Nani alikusukuma?"

Kikausha kiliunguruma. Machozi hayakutoka. Ila kidevu cha Mshonaji kilianza kutetemeka, na akakishika kwa mkono wenye kucha za kijani mpaka kikatulia. Kisha alifungua mkoba, akatoa simu yake, akaiweka mkononi mwa Redio bila kumtazama. Kaka yake alikuwa amemtumia picha ya ramani asubuhi ile. Chini yake ameandika neno moja: *Nimempata.*

Fundi aliitwa kwa kupungiwa mkono, akavuka barabara bisibisi ikiwa bado sikioni. Aliitazama picha, akaivuta ikakua. Duara la buluu lilikaa nyuma ya kiwanda cha magodoro, nje ya mji, dakika arobaini kwa pikipiki yake kama njia ni nyeupe. Redio alimweleza kuhusu nukta. Fundi hakulaumu mtu. Alisema tu, taratibu, kwamba bora yeye angetumia wino badala ya rangi ya kucha, na akaenda kuleta pikipiki.

Wakati huo Mshonaji alikuwa ameshampigia kaka yake, na ameweka sauti ya nje ili Redio asikie. Alimwambia asiende peke yake. Mkewe hatamfungulia, watu wa pale watapiga kelele, itakuwa aibu ya bure. Ampitie yeye hapa saluni, waende wote, akisikia sauti ya wifi yake atatoka mwenyewe. Upande wa pili sauti nene, ya kupendeza, sauti inayouza taa na breki siku nzima, ikasema dada yangu una akili. Ikamwambia awe tayari.

"Bado nasukwa, kaka. Usinikimbize."

Akakata. Redio akamwambia asikae pale, aende kwa jirani, aende popote. Mshonaji alirekebisha taulo shingoni.

"Nikiondoka atajua. Kucha atanimalizia. Polepole. Nenda."

Njia haikuwa nyeupe. Palikuwa na lori limeanguka na mchanga wake, wakasukuma pikipiki pembeni kwa miguu, Redio na kandambili zake za saluni, aproni bado kiunoni, vitana vinagongana mfukoni. Njia nzima hakuongea, na Fundi aligeuka mara mbili kuhakikisha hajamdondosha. Kiwanda walikisikia kwa harufu kabla ya kukiona, harufu ya gundi inayokaa kooni. Nyuma yake kulikuwa na vichochoro vitatu, nyumba zote zinafanana, mageti ya bati yote yana kutu. Duara la buluu lilifunika kama nyumba kumi. Saa tano na nusu.

Hapo Redio alisimama akatazama kama anavyotazama kichwa kabla ya kukigusa. Nyumba tisa zilikuwa na nguo zimeanikwa hadharani, juu ya kuta, kwenye nyaya, kila moja na kanga zake na suruali zake. Moja tu haikuwa na nguo hata moja inayoonekana, na bado maji ya sabuni yalikuwa yanatiririka chini ya geti lake kama ya watu ishirini.

Aligonga. Ndani kulikuwa na watoto wanacheza, na sauti zao zikakatika kwa pamoja, kama waliofundishwa. Akagonga tena. Kimya. Alijua kanuni hata bila kuambiwa: hawafungui mpaka Dada Mkubwa aruhusu. Angeweza kupiga kelele. Kupiga kelele ndiko alikojaliwa. Lakini ng'ambo ya kichochoro wanaume wawili walikuwa wanacheza drafti na wameshaanza kutazama, na jina lolote atakalolitamka kwa nguvu litabaki mtaani hapo.

Basi Redio alipiga magoti kwenye maji ya sabuni, akaweka mdomo kwenye ufa wa bati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajaribu kusema jambo kwa sauti ya chini mpaka mwisho.

"Mwalimu. Nyuma ya sikio la kushoto. Nilisuka za juu zikafunika. Sikumwambia mtu. Mumeo anakuja, simu mliyoletewa Alhamisi ni yake. Mwalimu, nifungulie."

Hakuna kitu. Alirudia. Koo lilikuwa limekauka kwa gundi na vumbi. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati na akabaki anakwaruza bati kwa kucha, akisema nifungulie mama, nifungulie mwanangu, nimekosa, nifungulie. Komeo likalia.

Dada Mkubwa hakupoteza muda wa kumgombeza. Alimsikiliza kwa sentensi mbili, akageuka, akapiga makofi mara moja. Redio aliona wanawake wakitoka vyumbani wakiwa na mifuko ambayo ilikuwa tayari imefungwa. Walikuwa kumi na mmoja, na watoto wasiohesabika kwa haraka. Sufuria iliachwa jikoni inachemka. Mmoja alikuwa na mkono kwenye plasta, mwenzake akamvalisha kiatu. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomuumiza Redio kuliko lolote, namna walivyojua kuondoka.

Simu zote ziliwekwa kwenye beseni. Fundi alisema anaweza kuitambua ile moja, ampe dakika, nyingine ni safi, anaapa. Dada Mkubwa alizigeuza zikalala migongo juu. Nukta za kijani kumi na moja, zote sawa. Akaangalia saa. Kisha akachukua ndoo ya maji ya kufulia akazimwagia. Mwanamke mmoja aliiangalia ya kwake ikizama. Alikuwa amempata mama yake jana tu, alisema, na namba alikuwa hajaiandika popote.

"Nyumba hii tuliitafuta miaka miwili," Dada Mkubwa alisema, akifunga geti. Hakusema zaidi.

Mwalimu alipita mbele ya Redio, mtoto mgongoni.  Gari la mizigo la Dada Mkubwa liliwapakia wote, likaondoka na turubai limeshushwa. Redio alikuwa na swali kwenye ncha ya ulimi, swali dogo, la kawaida, ambalo angelimuuliza hata mpita njia. Aligeuka akatazama ukuta mpaka muungurumo wa gari ukapotea, asione limekata kona ipi.

Walirudi saa saba. Kiti kilikuwa kitupu, taulo limekunjwa juu yake. Kucha alieleza kwamba yule kaka alikuja saa sita kamili. Yeye Kucha alimsuka dadake polepole, akafumua, akasuka tena, na mwanamume akakaa kwenye benchi nusu saa nzima anakunywa soda. Alitania watu, akawavunja mbavu. Mama mmoja alisema laiti angekuwa na mkwe kama yule. Halafu aliangalia simu yake, akasema ile nyingine imezima. Duara halipo. Alimwambia dada yake inatosha, inuka. Mshonaji aliinuka. Kucha hakuweza kumzuia, na alipofika hapo aliziba uso kwa aproni.

Redio alishika simu ya Mshonaji, iliyobaki kwake tangu asubuhi. Ampigie kwa simu ipi, wakati hii ndiyo yake? Fundi alizunguka na pikipiki, dukani kumefungwa, nyumbani kumefungwa, njia ya kiwandani wanaume wa drafti walisema gari lilikuja, mtu akavunja geti, akatoka, likaondoka. Redio hakukaa. Alifagia sakafu ambayo ilikuwa safi. Wateja waliuliza kuna nini na hakuna aliyejibiwa.

Saa tisa mlango ulifunguka. Mshonaji aliingia kwa miguu yake, akiwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani. Kucha za kijani zilibaki sita.

"Malizia," alisema. "Harusi ni jioni."

Redio aliinua kanga upande mmoja, kidogo tu, kwa namna ambayo benchi lisione. Upande aliosuka asubuhi haukuwa na cha kumalizia, nywele zilikuwa zimeng'olewa. Aliirudisha kanga ilivyokuwa. Akachukua taulo, akalizungusha shingoni mwa mwenzake, akamshika mabega.

"Wameondoka?" Mshonaji aliuliza kwa kioo.

"Wameondoka."

"Kwenda wapi?"

"Sijui. Sikuuliza."

Mshonaji alitikisa kichwa taratibu, akafumba macho. Kutoka kwenye benchi, mama mmoja mwenye chungwa mkononi alisema kwa sauti kwamba leo Redio imekuwaje, asubuhi nzima haipo hewani, ilikwenda wapi. Kucha aliinua uso. Fundi, aliyesimama mlangoni, alitazama barabara.

"Nilikwenda kununua nyuzi," Redio alisema, akawaaga watu wa benchi, akafunga mlango wa mbele, akashusha pazia, kisha akafungua ule wa nyuma, ule aliotokea Mwalimu.